Shindano la Kuimba Limekosa Watazamaji: Anza Kupima Hapa

Mashindano ya kuimba kwenye televisheni yamepoa, hilo halina ubishi. Mwaka 2006 American Idol ilikuwa ikitazamwa Marekani na wastani wa watu zaidi ya milioni 30, na fainali ya 2003 peke yake ilivuta milioni 38. Fainali ya mwisho katika kituo cha Fox, Aprili 2016, iliambulia kama milioni 13. Kipindi kikafungwa, ABC wakaja kukifufua mwaka 2018 kikiwa kimekonda. Uingereza, The X Factor ilimaliza msimu wa 2010 na watazamaji zaidi ya milioni 17. Msimu wa 2018 ndio uliokuwa wa mwisho wa kawaida, na 2021 ITV wakasema hawana mpango wa kuirudisha. Kwetu Afrika Mashariki, Tusker Project Fame ilianza 2006, ikatoa washindi sita, na baada ya 2013 ikazimika.

Lakini mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti hapa Lamu, na kila mara kikundi cha vijana huja kunikodi spika kwa ajili ya "shindano kama la tivii". Majaji watatu nyuma ya meza, kura kwa meseji, mchujo kila Jumamosi. Wiki ya kwanza pale Mkunguni, mbele ya Ngome, hapapitiki. Wiki ya tatu wamebaki ndugu wa washiriki na paka. Vijana hulaumu matangazo, au spika, au watu wa Lamu kwamba hawapendi maendeleo.

Basi haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye kituo, redio au ukurasa mtandaoni anayejiuliza hadhira imekwenda wapi. Fuata dalili kama zilivyopangwa, kwa sababu za mwanzo ni rahisi kupima. Fundi akiitwa kwamba spika haitoi sauti, hafungui amplifaya kabla hajaangalia waya.

Dalili: viti vitupu, lakini mji mzima unajua nani katoka

Pima hivi. Siku ya pili yake nenda barazani baada ya alasiri, usitaje shindano, subiri. Wakianza wenyewe kusema yule binti wa jana kaonewa, na mmoja akatoa simu kuonyesha kipande akilia, basi hukupoteza watazamaji. Umepoteza saa.

Mashindano haya yalijengwa juu ya saa. Nyumba ilikuwa na televisheni moja, na usipokaa usiku ule umepitwa. Dalili ya kwanza kwamba mambo yamegeuka ilikuwa 2009, Susan Boyle aliposimama kwenye Britain's Got Talent na watu mamilioni duniani wakamwona YouTube bila kuwahi kuangalia kipindi chenyewe. Kipande kilikimbia kikamwacha mama yake nyuma. Kenya tuliongezewa na mambo ya king'amuzi. Mwaka 2015 matangazo ya analogi yalizimwa, na Februari ile vituo vikubwa vya binafsi vilikuwa nje ya hewa karibu wiki tatu kwa mvutano na serikali. Nyumba zilizochelewa kununua king'amuzi zilizoea simu, na kwa nilivyoona mimi mitaani, hazikurudi zote.

Kisha kuna mpira. Jumamosi jioni banda la video limejaa kwa ajili ya Ligi ya Uingereza, na anayeshika rimoti hatabadilisha stesheni ili mtu aimbe.

Dawa: usishindane na simu wala na mpira. Wimbo mzima uweke mtandaoni usiku uleule, wimbo peke yake, usiwe onyesho la saa mbili. Mtu aliyenunua bando la siku hawezi kulimaliza kwako. Kinachobaki cha moja kwa moja ni matokeo. Hayo yasome uwanjani, kwa sauti, na asiyekuwepo asimuliwe.

Dalili: usaili unajaa, fainali haina watu

Walikuja kucheka. Vipindi vya nje viligundua zamani kwamba anayeimba vibaya huuza kuliko anayeimba vizuri. William Hung alikataliwa na majaji wa American Idol mwaka 2004 na bado akapata mkataba wa kurekodi. Tatizo ni kwamba vichekesho vikiisha wiki ya pili, umebaki na kuimba, na hukuwaandalia watu hamu ya kusikiliza.

Kwenye mji mdogo kuna hasara nyingine. Ukimfanya kijana kichekesho mbele ya watu, umemfanya kichekesho na mama yake, na shangazi zake, na mtaa mzima wa Langoni. Hao hawarudi. Fanya mchujo wa kwanza ndani, milango imefungwa, na jukwaani wapande wanaojua.

Dalili: watu wanamtaja jaji kuliko mwimbaji

Simon Cowell, jaji wa American Idol na The X Factor, alitajirika kwa kuwaambia watu ukweli mchungu. Project Fame tulikuwa naye Ian Mbugua, ambaye wiki nzima watu walikuwa wakimwiga. Bongo Star Search ya Tanzania huwezi kuitaja bila jaji wake Madam Rita. The Voice, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2010, ilidhani imepata dawa kwa kuwageuza majaji wawape watu mgongo kwenye viti vyekundu, wasikilize sauti tu. Viti vikawa ndio nyota. Blake Shelton alikaa kwenye kiti cha Marekani misimu 23, toka 2011 hadi 2023. Sasa nitajie washindi watano wa misimu hiyo.

Jaji maarufu si kosa. Kosa ni jaji ambaye kigezo chake hakijulikani. "Sijakuhisi", "leo hukung'ara", maneno gani hayo? Tazama mashindano ya kusoma Qur'ani, ambayo sitaki kuyaweka kapu moja na burudani, lakini hadhira yake haijapungua hata siku moja. Msomaji akikosea hukumu ya tajwidi, yaani kanuni za usomaji, mzee wa safu ya nyuma kashainua kichwa kabla jaji hajagonga kengele. Au mashindano ya mashairi kwenye tamasha letu la utamaduni: mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na mtoto wa madrasa anaweza kuzihesabu kwa vidole. Jaji hapo hana pa kujificha. Mizani ikizidi imezidi.

Kwa hiyo andika vigezo kwenye karatasi kubwa, uibandike ukutani: sauti, pumzi, matamshi, kushika mahadhi, maneno yenyewe. Kila kimoja na alama zake. Jaji aseme alama kwanza, hotuba baadaye. Utaona hotuba zinavyokuwa fupi.

Dalili: aliyeimba vizuri katoka, na watu wanaguna

Hapa usikimbilie kusema "ni ukabila" au "ni mtaa". Kweli Project Fame ilikuwa ya nchi kadhaa, na kila nchi ilipigia wake. Kweli mtu wa mtaa wa Mkomani hawezi kumpigia wa Langoni kirahisi. Lakini ushabiki wa upande ndio mafuta ya mashindano yote tuliyonayo huku Pwani. Akina mama wa lelemama, ngoma ya wanawake, Mombasa, vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada, walishindana kwa upande, na miji ikagawanyika. Ukiuondoa ushabiki, umeondoa watu.

Ugonjwa ni kura iliyofichwa. Meseji moja kwa pesa, na mwenye pesa atume mia. Hakuna anayeona. Mdhibiti wa utangazaji Uingereza, Ofcom, aliwatoza ITV faini ya pauni milioni 5.675 mwaka 2008 kwa vipindi vilivyochukua pesa za wapigaji simu bila kuzitendea haki kura zao, kimojawapo kikiwa ni cha waigizaji kushindana kuimba. Huko kuna mdhibiti na kuna hesabu zinazokaguliwa. Huku kwetu nani atakagua? Watu wanajua hivyo, wanatuma kura wiki mbili, ya tatu wanaweka salio lao kwa mambo mengine.

Sasa angalia pesa inavyofanya kazi kwenye taarabu. Harusi, ua wa wanawake, nimesimama nje ya pazia na mikono kwenye vitufe. Mwimbaji kafika ubeti ambao kila mtu anajua umemlenga nani. Bibi mmoja ananyanyuka, noti ya mia mbili kaishika kwa ncha mbili za vidole juu ya kichwa. Haendi moja kwa moja. Anazunguka, anacheza, anapita mbele ya yule aliyelengwa, anasimama hapo mpaka kiitikio kirudi, ndipo anakwenda kumtunza mwimbaji. Nasikia vifijo vinapanda mpaka inabidi nishushe maiki. Mia mbili ile ni kura. Lakini kila mtu kaona nani kapiga, kiasi gani, na kwa ubeti upi. Hakuna atakayesema imeibwa.

Kama mdhamini wako anang'ang'ania meseji, mkubalie nusu ya alama tu, na uwe na masharti mawili: simu moja kura moja, na jumla isomwe hadharani kabla ya jina la mshindi. Nusu nyingine ihesabiwe uwanjani. Kila anayeingia apewe kokwa moja ya ukwaju, kila mshiriki na ndoo yake, na ndoo zimwagwe mbele ya watu. Kuhesabu kutachukua nusu saa na hakuna atakayeondoka nusu saa hiyo.

Dalili: mshindi wa mwaka jana hajulikani alipo

Kama una muda wa kupima kitu kimoja tu, pima hiki. Naamini ndicho kilichoviua vipindi vingi, na mengine yote ni homa inayoletwa nacho.

Washindi wa Project Fame kwa mpangilio: Valerie Kimani, 2006. Esther Nabaasa, 2008. Alpha Rwirangira, 2009. Davis Ntare, 2010. Ruth Matete, 2012. Hope Irakoze, 2013. Waimbaji wazuri wote, na baadhi bado wanaimba. Muulize kijana wa miaka ishirini pale forodhani akutajie wawili. Kisha mwombe akutajie wimbo.

Halafu geuza upande wa pili. Jennifer Hudson alitoka wa saba kwenye American Idol mwaka 2004, na Februari 2007 akachukua Oscar. One Direction walikuwa wa tatu X Factor mwaka 2010. Peter Msechu wa Tanzania alikuwa wa pili nyuma ya Davis Ntare, na jina lake halijapotea. Binti wa Pwani, Sanaipei Tande, aliingia kwenye kundi la Sema kupitia Coca-Cola Popstars mwaka 2004. Kundi halikudumu, yeye kadumu. Watazamaji si wajinga. Wakiona taji halimfikishi mtu popote, na aliyekosa taji ndiye anayefika, wanakata shauri kwamba taji ni la kipindi, si la mwimbaji. Basi ya nini kukesha?

Mshindi hupotea kwa sababu zinazojulikana, na zinaanza kabla ya fainali.

Kwanza, miezi yote ya shindano kaimba nyimbo za watu. Asubuhi baada ya ushindi hana wimbo hata mmoja wa kwake wa kupeleka redioni. Akija kuutoa mwezi wa nne, watu wamesahau hata sura yake.

Pili, zawadi ni fedha. Project Fame ilifika shilingi milioni tano, na East Africa's Got Talent mwaka 2019 iliwapa watoto wawili ndugu kutoka Uganda dola elfu hamsini, kisha kipindi chenyewe kisirudi. Fedha ni nzuri, sikatai. Lakini fedha haikufundishi nani akupangie maonyesho, nani akutengenezee video, wala namna ya kusoma mkataba. Na mikataba ya ushindi, soma maandishi madogo: mara nyingi sauti ya kijana inafungwa kwa watu ambao kazi yao ni kuuza msimu ujao, si kumuuza yeye.

Tatu, msimu mpya unamfuta wa zamani. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote, kwa sababu sisi tunajua namna nyingine. Miaka ya 1990 Dar es Salaam, vikundi vya Muungano na TOT vilipambana kwa taarabu, Nasma Khamis huku, Khadija Kopa kule, na mashabiki hawakubadilishiwa watu kila mwaka. Walibaki na upande wao. Wimbo wa huyu uliomba jibu la yule, na jibu lilipotoka watu walilinunua hata kama hawakulipenda, ili wajue wamejibiwa nini. Televisheni inakukusanyia ushabiki kwa wiki kumi na mbili, inaupandisha mpaka juu, halafu inauzima kwa puto na karatasi za kumetameta, na mwaka ujao inakuletea wageni wapya wasiojuana. Mshabiki aanze tena kupenda. Mara ya kwanza atafanya, na ya pili. Ya tano atachoka.

Dawa yake haina gharama kubwa:

Kila anayefika nusu fainali aimbe utungo mpya. Lamu haikosi maneno. Nenda kwa washairi, wana mashairi kwenye madaftari ambayo hayajawahi kutiwa mahadhi. Mshairi alipwe na atajwe. Wimbo urekodiwe kabla ya fainali, ili usiku wa ushindi uwe tayari kwenye simu za watu.

Zawadi igawe. Sehemu fedha, sehemu siku za studio, sehemu kazi. Ongea mapema na wenye harusi na wenye hoteli za Shela, mshindi apate maonyesho ya kulipwa yaliyokwisha pangwa. Kijana akionekana anafanya kazi miezi sita baadaye, tangazo la msimu ujao limejiandika.

Na bingwa arudi kutetea. Aliyeshindwa naye apewe nafasi ya kujibu, kwa wimbo, kwa kumtaja mpinzani kwa mafumbo kama tunavyojua. Wapo watakaosema hilo litaleta ugomvi. Litaleta. Mweke mzee wa kuheshimika kusoma beti kabla hazijaimbwa, akate yale ya kuvunjiana heshima, na yaliyobaki yaimbwe.

Dalili: vijana wenye sauti hawajitokezi

Wengine wamezuiwa nyumbani. Shindano likibeba jina la bia, kama lilivyobeba lile kubwa la kwetu, baba wa Lamu hamruhusu binti yake kusimama chini ya bango, na familia haikai sebuleni pamoja kuliangalia hata kama sauti ni za malaika. Mdhamini ni jambo la kuchagua mapema, kabla ya bango kuchapwa.

Wengine ni safari. Usaili wa vipindi vikubwa hufanyika mijini. Kijana wa Pate au Faza apande mashua mpaka Lamu, avuke Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, alale kwa mjomba, aimbe dakika moja na nusu. Na akifika anaambiwa mahadhi yake ni ya kizamani kwa sababu hakupinda sauti Kimarekani. Ukiandaa lako, wewe ndiye upande mashua uwafuate.

Na wapo wanaoamini hawahitaji jaji tena, simu inatosha. Hao waache. Ukitengeneza hayo ya mshindi, watakuja wenyewe.

Ukipima yote na bado

Huenda mashindano yamezidi. Marekani kati ya 2011 na 2013 kulikuwa na American Idol, The Voice na X Factor yao kwa pamoja, na The Voice toka 2012 ikirushwa mara mbili kwa mwaka. Hakuna tumbo la kula pilau kila siku. Kwa mji wetu mara moja kwa mwaka yatosha, wiki nne tu, yaanze baada ya Maulidi ya Mfungo Sita kuisha wageni wakiwa wameondoka, na yakamilike mbali na Ramadhani. Angalia pia mvua za masika, maana spika zangu hazitoki nje siku hizo, na usiweke jukwaa likitazama bahari wakati wa kaskazi. Upepo ule unaingia kwenye maiki na hakuna sauti nzuri itakayosikika.